Historia ya Marehemu Daktari Domitila Amnaay, Mchanja Ndama wa Endahari

Baba Paroko, wazee wa ukoo, majirani wa Endahari, wenzake marehemu mliotoka Arusha, na wewe mama yangu Matle uliyeketi hapo mbele karibu na jeneza, mimi ni Gwandu Tluway, fundi cherehani, mdogo wake Mwalimu Celestini ambaye leo amebaki mgane, na familia imenituma niwasomee maisha ya shemeji yangu, Daktari Domitila Amnaay Sulle, ambaye wengi wenu mlimwita Mama Ndama.

Alizaliwa tarehe 14 Agosti 1962 huko Kainam, mtoto wa nne wa Mzee Amnaay Sulle na Mama Yuditha, ambao wote wameshatangulia. Mwaka 1973, akiwa darasa la tatu, ndigana kali iliingia zizini kwa baba yake wakati wa masika, ndama wakavimba matezi chini ya masikio, wakahema kama watu waliopanda mlima, povu likawatoka puani, na mvua zilipokatika alikuwa amebaki mtamba mmoja tu, aliyeugua akapona. Wengine waliwalilia waliokufa, yeye akawa anamfuata yule aliyepona malishoni na kumuuliza mama yake kila jioni, "Huyu kwa nini hakufa?" hadi mama akachoka akamjibu, "Kamuulize mwenyewe."

Alisoma shule ya msingi Kainam hadi 1977, sekondari mkoani Kilimanjaro hadi 1984, kisha Chuo Kikuu cha Kilimo kule Morogoro, akahitimu udaktari wa mifugo tarehe 24 Novemba 1990, mbele ya baba yake aliyekuwa amevaa koti la kuazima na hakulivua siku nzima ingawa joto la Morogoro mnalijua. Mwaka uliofuata aliajiriwa katika maabara ya mifugo Arusha, na tarehe 28 Desemba 1991 alifunga ndoa na kaka yangu katika parokia hii, wakajaliwa watoto watatu, Matle aliyepewa jina la mama yetu, Sulle na Deemay.

Kuanzia 1994 hadi 1996 alikuwa Kenya kwa masomo ya juu, na huko ndiko alikolipata jibu la swali lake la utotoni, nami nitalieleza kama alivyonieleza jikoni kwake akimenya viazi. Alisema damu ya ng'ombe ina chembe nyeupe, ambazo ni askari wa mwili, na kimelea cha ndigana kinacholetwa na kupe hakipigani na hao askari, bali kinaingia ndani ya askari mmoja na kumgeuza akili, awe anagawanyika bila amri, na kila akigawanyika kimelea nacho kinagawanyika, hadi mwili mzima unajaa askari walioasi, wanavimbisha matezi, wanavamia mapafu, na mnyama anakufa kama aliyezama majini. Lakini wapo askari wengine, ambao wakipata muda wanajifunza kumtambua mwenzao aliyegeuzwa na kumuua, na ng'ombe aliyefika hapo haugui tena kirahisi. "Mtamba wa baba alipata muda, shemeji," aliniambia, "wengine hawakuupata."

Mwezi Juni 2001 alikuja na chanjo hapa joshoni kwetu, akatueleza bila kuficha kwamba atamchoma ndama kimelea chenyewe, kikiwa hai, na papo hapo amchome dawa ya kukipunguza nguvu, ndipo mzee Hhawu akamuuliza, "Yaani, daktari, unamwingiza mwizi nyumbani ili umfundishe mbwa?" watu wakaangua kicheko, naye akacheka akajibu, "Ndiyo hasa, baba, ila mwizi nimemfunga mikono." Hakuna aliyetoa ndama wake siku ile isipokuwa mama yetu Matle, aliyesema, "Mkwe wangu akiaibika, nimeaibika mimi, mchomee hao wangu."

Wiki ya tatu mmoja akafa, yule mtamba mwenye baka jeupe aliyekuwa kipenzi cha mama. Mwenzake mmoja wa kazini alimshauri aseme ni minyoo, lakini Domitila alimpasua yule ndama mbele ya watu, akatazama damu na matezi yake kwa hadubini juu ya meza ya karani wa josho, akanyanyuka akasema, "Mama, huyu nimemuua mimi. Alikuwa ameshadhoofishwa na ugonjwa mwingine, askari wake hawakuwa na nguvu, na ilinipasa nilione hilo kabla ya kumchoma." Tulidhani mama atamfukuza, lakini akasema, "Wataalamu wamepita hapa tangu mkoloni, ng'ombe akifa wanasema ni uzembe wetu, wewe ndiye wa kwanza kusema 'ni mimi'. Hao waliobaki, uwasimamie vizuri." Baadaye mama alimkuta Domitila nyuma ya banda analia, akamtania, "Daktari gani huyu analilia ndama?" naye akajibu, "Nalilia wako, mama."

Masika ya mwaka uliofuata ndigana ilirudi, ikafagia mazizi ya bonde zima, na ndama wa mama wenye hereni za chanjo masikioni wakaendelea kula majani. Tangu hapo wote mnajua, kwa sababu foleni ya joshoni mlikuwa mnapanga ninyi wenyewe, na kugombana mkagombana.

Oktoba 2016 alianza kuchoka na kupata homa, na hospitali ikagundua saratani ya damu. Alitibiwa kwa zaidi ya miaka miwili, na kwa kuwa alizijua chembe nyeupe za damu kuliko alivyopenda kuzijua wakati ule, yeye ndiye aliyekuwa akitutuliza sisi. Mama alimuuliza ni ugonjwa gani, akamjibu, "Askari wangu wameanza kuzaliana bila amri, mama," na mama akamshika mkono akasema, "Si wakuchanje basi, mbona wewe unachanja?" Shemeji akasema, "Ya kwangu bado haijapatikana, mama. Wapo wanaoitafuta."

Alifariki Jumapili tarehe 3 Machi 2019, saa nne asubuhi, mumewe na watoto wake wakiwa kando yake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia, wenzake wa maabara waliopanga foleni kumtolea damu, na ninyi majirani mliotupikia, mliochimba, na mliolala nasi tangu msiba uingie.

Naomba nimalize kwa agizo lake mwenyewe, alilonitamkia mara mbili ili nisilisahau. Chanjo ya Jumamosi haiahirishwi kwa sababu ya matanga, mtungi wa chanjo iliyogandishwa umeshafika, na dawa ile ikishayeyushwa haingoji kesho, hivyo leteni ndama saa moja asubuhi, na mwenye ndama anayekohoa au aliyenyong'onyea aseme, asione haya.

Shemeji, umechoka kwa haki. Pumzika kwa amani.