Bwana Shitanda na Jiko Lililowaka Darasani Tu

Bwana Nicodemus Shitanda anastaafu Ijumaa hii, tarehe 29 Novemba 1996, baada ya miaka kumi na sita ya kufundisha umeme katika chuo chetu cha ufundi hapa Nyamasaria. Wasifu wake nimepewa niuandike mimi, Jentrix, mpishi, kwa kuwa walimu wote wanasema mimi ndiye niliyesumbuliwa naye zaidi. Ni kweli.

Alipokuja mwaka wa 1980 madarasa yalikuwa na taa za mafuta. Akavuta waya yeye mwenyewe. Leo wanafunzi wake wanatengeneza mashine za kukoboa mpunga Ahero na mitambo ya barafu ya samaki Usenge, na hatujasikia nyumba ya mtu imeungua. Tumshukuru Mungu kwa hilo, kabla sijaanza kulalamika.

Mwaka wa 1989 wageni wa kanisa walituletea jiko la umeme. Niliimba. Daktari alikuwa ameniambia niache moshi wa kuni, la sivyo macho yataniacha. Bwana Shitanda akalitazama jiko, akautazama waya wa jikoni, akasema haliwashwi. Waya ule ulikuwa wa taa na redio tu. Jiko kama hilo likiwashwa, kitakachoiva kwanza ni waya, halafu paa.

Basi lingekaa tu, tukalisahau. Wapi! Kila mwaka darasa jipya lilikuja kubeba jiko langu mpaka karakana, ambako waya ni mnene. Huko liliwaka likawa jekundu, vijana wakapima: volti 240, ampia 24. Gawanya volti kwa ampia, upate ukinzani, omu kumi. Zidisha, upate nguvu, wati 5,760. Kisha wananirudishia likiwa baridi, mimi napuliza kuni mbichi na kulia juu ya ugali. Niliomba angalau sufuria moja ya chai ikae juu yake wakipima. Akakataa, eti maji na vipimo havipatani. Mwalimu Seif wa useremala naye akipita jikoni lazima alitazame jiko langu baridi aulize, "Mama Jentrix, hilo kabati nikuwekee milango?"

Nilifunga na kuomba Mungu aulainishe moyo wa Bwana Shitanda. Haukulainika. Katika kila mkutano wa kamati alisimama kudai waya mnene wa jikoni, na kamati ikatumia pesa kupaka lango rangi. Lango lile lile, kila mara.

Mwezi uliopita kamati ilimwuliza angependa zawadi gani, nao walikuwa wameshachagua kiti kizuri cha sofa. Akajibu anataka waya wa jikoni. Kumbishia mtu huyu ni kazi bure. Ukanunuliwa, akauvuta mwenyewe Jumatatu, na kabla ya kuniruhusu nibonyeze swichi, akanitaka nipige hesabu. Mimi wa darasa la saba nikampa omu na wati zake bila penseli. Kwa miaka yote hiyo, ningekosaje?

Sasa anaondoka bila kiti. Chai mtakayokunywa leo imechemkia kwenye jiko lile, na sikutoa chozi.

Bwana Shitanda, asante. Mungu akufikishe salama nyumbani Malava, akupe wewe na mkeo Mama Rael miaka mingi ya kupumzika. Ila ukifika, mwache mama apike kwanza. Utapima baadaye.