Umati Ulikuwa Wetu

Basi la Geita lilijaa, na bado hasira ya Maduhu ilitaka kiti chake peke yake. Timu ya kwao, inayocheza daraja la kwanza mwaka huu, jana ilifungwa matano.

"Mwalimu wa timu afukuzwe!" alimwambia mama muuza dagaa aliyebanana naye. "Watu wote walijaa upande wetu, mayu. Kwa wenzetu hata mbuzi hakusimama. Tunafungwaje?"

"Mpira si ngoma, baba. Kwenye mashindano ya ngoma ndiko anayevuta watu anakoshinda."

"Mwaka jana tulivuta watu, tukapanda! Sisi kazi yetu tumeimaliza. Huyo mwalimu anafanya nini?"

Basi likasimama. Maduhu akashuka akisonya, na kabla vumbi halijatulia alikuwa ameshaanza kukusanya watu wa kujaza uwanja Jumapili.