Ukufi wa Mchele wa Mungu

Sogeeni, wanangu, sogeeni hapa kwenye meko, sina nguvu ya kuita mtu mara mbili. Zodingi, niinue kidogo uniegemeze kifuani mwako. Hranga, weka simu chini, mama yako hafi kila siku. Na wewe Mawia, kitinda mimba wangu, usikae huko dirishani kama mgeni, njoo nikuone macho. Mchungaji na kina mama nimewaomba wasubiri barazani wanywe chai, kwa sababu haya ni ya nyumba yetu.

Ya mali si mengi. Shamba la michungwa kule bondeni ni la Zodingi, yeye ndiye aliyelipalilia, na asitokee mtu akasema mwanamke harithi shamba kwao, nimeshasema mimi. Nguruwe wawili ni wa Hranga, mmoja achinjwe kwenye matanga yangu, tena vijana watakaochimba kaburi wapewe nyama, msiwapakulie mifupa mkaniaibisha nimelala. Nyumba hii, kwa desturi yetu Wamizo wa milima hii ya India, ni ya mwana wa mwisho, nami desturi sitaivunja. Ni yako, Mawia. Lakini ina neno ndani yake, na huwezi kurithi kuta ukaliacha neno.

Mwajua mchele wa ukufi. Kila mama wa kijiji hiki anapopika, kabla hajaosha mchele, huchota ukufi mmoja akautia kwenye kopo la Mungu, na Jumamosi wakusanyaji hupita nyumba kwa nyumba. Miaka kumi na mmoja mimi ndiye niliyekusanya, na gunia lilikaa pale nyuma ya mlango hadi lipelekwe kanisani. Ukaja mwaka ule mianzi ilipochanua, panya wakala mbegu zake wakazaana wakamaliza mpunga wote shambani, tukala viazi mwitu. Na katika njaa hiyo gunia likapungua nusu. Aliyesimama mbele ya wazee wa kanisa kunishtaki ni Zuali, rafiki yangu, niliyemnyonyeshea mwanawe alipougua! Wazee wakamwita mwanangu wa miaka kumi na saba, wakamuuliza kama alimwona mamaye akipika mchele wa gunia lile. Ukatazama miguu yako, Mawia, ukasema, "Nilimwona."

Nyamaza, Hranga, usinikatize. Najua hukulijua hili lote.

Nikatengwa na meza ya Bwana miezi sita. Miezi iliisha, jina halikuisha: mla mchele wa Mungu. Kina mama wakawa wanaruka mlango wangu kama wa mwenye ndui. Nikafikiri labda mtoto aliogopa wazee, akababaika. Hata siku moja sokoni mama mmoja wa kijiji cha ng'ambo akanishika mikono, akanishukuru kwa mchele uliowafikisha wanawe kwenye mavuno. "Mwanao Mungu ambariki," akasema, "ingawa gitaa la mume wangu alilolichukua kwa mchele ule bado nalikumbuka." Loo! Kikulacho ki nguoni mwako. Gitaa uliloniambia umeazimwa na rafiki, gitaa ulilopigia nyimbo kanisani watu wakafuta machozi, nami nimekaa benchi la nyuma na jina la mwizi.

Iliniuma. Inaniuma hata sasa. Njaa ningeisamehe siku ileile, wizi pia, lakini uliniuza mimi, mimi niliyekuzaa mvua ikivuja kitandani.

Mtaniuliza nilisimamaje. Sikusimama kwa maono wala kwa ndoto, nilisimama kwa vitu vidogo, na ndivyo ninavyowaachia. Niliendelea kuchota ukufi kila nilipopika, ijapokuwa hakuna aliyekuja kuuchukua, Jumamosi nikaupeleka mwenyewe kwa kikongwe Saii, ambaye kanisa nalo lilimpelekea, basi akawa anakula mara mbili na kunicheka, "Wakufukuze tena, binti, nimeanza kunenepa." Choteni kabla ya kuosha, wanangu, mkingoja wali uive mtaona hautoshi. Nilisali kila alfajiri, na kuna alfajiri nilimwambia Mungu, leo sina la kukuambia, nimekasirika, nakaa tu. Nikakaa. Kesho yake nikakaa tena. Niliimba ubeti mmoja nikifagia, hata siku nisiyotaka kuimba. Na katika sala nilitaja majina: jina la Zuali nililitaja nimekaza meno miaka miwili, mwaka wa tatu nikajikuta namwombea mguu wake unaouma, nikashangaa mwenyewe. Lako, Mawia, nililiacha la mwisho kila siku, kwa kuwa ndilo lililokwama. Imani ni kama kuni, mtu hukata za leo. Za mwaka jana zilishaungua.

Maji... asante, Zodingi. Yatosha.

Kesho wanamwekea Mawia mikono awe mzee wa kanisa. Miaka kumi na minane nimengoja, kila Jumapili nikijiambia, leo atasema. Hukusema. Sasa mimi sina Jumapili nyingine. Sitamwambia mchungaji, wala ninyi wawili msimwambie, nawaapisha. Nimekusamehe, na nyumba ni yako usemapo na usiposema. Lakini mficha uchi hazai, baba. Utawapaje watu mkate wa Bwana kwa mkono huo? Ulimi ulionichafua ni wako, mwingine hauwezi kunisafisha.

Nizikeni na ile shuka yangu nyeusi ya kufumwa... si mpya, mpya mpeni mjukuu. Msimfukuze Zuali akija kulia. Bwana awalinde mkitoka, awalinde mkiingia... sufuria zenu zisikauke... mpendane, hata mkiwa mmenuna. Zodingi, nishike, naona baridi.

Mawia, waenda wapi? Mlangoni? Umefungua... ndiyo. Wote wapo, na Zuali yupo, nilimsikia akikohoa.

Sema kwa sauti, mwanangu. Hapana, usianze na njaa. Anza na gunia... Sauti zaidi, baba... nataka kusikia.