Mashati ya Kwaya na Pumzi

Benchi langu liko ukutani mwa duka la Fundi. Kahawa nauza mimi, maneno wateja wanakuja nayo wenyewe. Fundi ni yule mwenye tepu shingoni hata akienda msibani. Injinia anatengeneza redio, na nyingi zimemfia mikononi. Hakimu alikuwa mlinzi wa mahakama, akastaafu na hukumu bila sheria. Asubuhi hiyo Fundi hakugusa kikombe. Binti yake na wenzake wamebuni mashine: inampiga mteja picha, inajua vipimo, inakata kitambaa yenyewe. Akamletea baba aijaribu. Kazi ya kwanza ikawa mashati ya kwaya. Jumapili wanakwaya wakavuta pumzi waanze ubeti, vifungo vikaruka kama bisi. Na leo binti anakuja kuuliza mashine inafaa au haifai.

— Mwambie inafaa, akasema Injinia. Kosa ni la kwaya. Wamenenepa.

— Kati ya picha ya Ijumaa na wimbo wa Jumapili? nikamuuliza.

— Bibi, wimbo unajaza mtu.

Hakimu akakohoa, dalili kwamba methali iko njiani.

— Wahenga walisema, mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Ndiyo maana vifungo viliruka.

— Mgema kaingiaje kwenye vifungo?

— Methali haiulizwi njia iliyopitia, Bibi.

Fundi akasema chinichini:

— Kukata inakata vizuri kunishinda. Nimeyapima yale mashati upya, yako sawasawa na picha. Hata uzi haujapungua.

— Basi walioiunda wanashinda kwenye lifti zilizojaa, akasema Injinia. Watu wa lifti wanapumua kwa zamu.

— Aliyeiunda nimemlea mimi, humu humu dukani.

Injinia akarudi kwenye kahawa yake. Hakimu akachukua nafasi.

— Mimi nahukumu hivi. Mtu aliyenyooka, mikono ubavuni, hatikisiki, hapumui, huyo ni maiti. Mashine imekata sanda zenye kola.

— Itafika siku, Injinia akadakia, tutaruhusiwa kupumua Jumatatu na Alhamisi tu, kulinda vifungo.

— Haba na haba hujaza kibaba, Hakimu akaafiki.

Ujinga una kiasi chake. Siku ya picha mimi nilikuwepo. Mashine ikasema simama wima, usitikisike, na kila mmoja akavuta tumbo ndani. Yule bwana wa sauti nzito alilivuta mpaka nikadhani limehamia mgongoni. Nani anakubali kupigwa picha tumbo likiwa nje? Fundi mwenyewe hakupimi ukifika. Anakuuliza kwanza habari za mama mkwe. Ukicheka au ukilalamika, tumbo linarudi kwao, ndipo tepu inapita.

— Mwambie binti hilo la tumbo, nikamwambia Fundi.

— Nimwambie alichokihangaikia kimeshindwa na tumbo? Atavunjika moyo.

— Atavunjika zaidi kwaya nyingine ikibaki uchi.

Binti akatokea, begi begani, akatuamkia mmoja mmoja. Nikammiminia kikombe cha mwisho. Baba yake akamweleza yote, macho kwenye tepu, kama mtoto aliyevunja sahani. Binti akasikiliza, halafu akatabasamu, akatoa simu aandike.

— Kumbe hilo tu, baba? Ukishamchekesha mtu, huwa unaongeza kiasi gani? Niambie, nami nitaiambia mashine.

Fundi akaizungusha tepu kidoleni.

— Inategemea.

— Inategemea nini?

— Mtu.

— Mtu ana nini, baba?

Fundi akamtazama Injinia. Injinia akatazama viatu vyake. Hakimu akakohoa, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue, hakikutoka kitu.

— Hebu simama, mwanangu, akasema Fundi.

Binti akasimama, akajinyoosha.

— Yule mwenye nyumba wako bado anaimba bafuni?

— Baba, sasa anapiga na ngoma.

Akacheka, na tepu ikapita kiunoni. Ikasimama hapo. Fundi hakusoma namba. Alikuwa anazitazama ncha mbili za tepu, jinsi zilivyopitana kuliko zamani.

— Tangu lini huli?

Simu ikashuka.

— Mashine ilikuwa haijaisha, baba.

Nikalitikisa birika, tupu. Nikainuka kwenda jikoni, na si kuchemsha kahawa.