Kopo la Elfu Tano

Waliokuwepo asubuhi ile, kwa jinsi walivyokaa kutoka kushoto, ni hawa: Orville Stanek, fundi reli mstaafu wa Nebraska, mwenye benchi na mwenye birika la kahawa, Gaston Thibodeau, aliyekuwa muuza matrekta Saskatchewan, Kanada, ambaye sijawahi kumsikia akisema "sijui", Bi LaVonne Tollefson, mjane na mwalimu mstaafu wa Duluth, Minnesota, na mimi, pembeni, kwenye kiti changu cha kukunja. Shuleni nilikosoma tuliitwa kwa orodha kila asubuhi, jina kamili, na tabia hiyo haijanitoka. Pale benchini majina kamili hayatumiki. Sisi ni watu wa magari-nyumba. Baridi ikianza kwetu tunashuka Arizona, tunaegesha kando ya Korongo la Hollister na kusaka makopo. Mtu huficha kopo jangwani, akatangaza mtandaoni namba za mahali hapo. Wengine hulifuata kwa simu inayoongozwa na satelaiti, huandika jina kwenye kijidaftari kilichomo, kisha hulirudisha lilipokuwa. Jina linaloandikwa ni la mchezo. Orville ni Reli. Gaston ni Nge. Bi LaVonne ni Bibi Dira. Mimi wananiita Karani. Benchi lenyewe ni kiti kirefu kilichong'olewa kwenye basi bovu la wanafunzi, kimewekwa chini ya turubai la gari la Orville, na hukaliwa kuanzia saa moja asubuhi mpaka birika likauke.

Ilikuwa Alhamisi, Februari ishirini. Kesho yake Kurt, mtoto wa Bi LaVonne, angefika kwa ndege kuchukua funguo za gari la mama yake akaliuze, kwa kuwa daktari wa macho alikwisha kumkataza kuendesha. Bi LaVonne alikuwa ameona makopo 4,999. Hayo 4,312 ya kwanza aliyaona pamoja na mumewe, Harlan; yaliyobaki aliyasaka peke yake. Kila kopo la kufikika kwa miguu kutoka kambini alikuwa ameliona, isipokuwa moja. Hilo lilikuwa la jirani yetu Kobe. Lilitangazwa tarehe kumi Januari na hakuna aliyeliona. Kobe aliondoka na gari lake mapema mwezi huo, na hakuwa amejibu ujumbe hata mmoja.

— Umeenda tena? Orville alimuuliza Bi LaVonne huku akimmiminia kahawa.

— Nimeenda kulipopambazuka. Mara ya nne hii. Nimegeuza kila jiwe lenye ukubwa wa mkate.

— Na?

— Mawe, bwana. Na chini ya mawe, mchanga.

— Mimi nakwambia ni miwani ya Kobe, Orville alisema. Yule akiandika tisa, usishangae ukikuta ni sita. Badilisha namba ya mwisho uone.

— Nimebadilisha. Ya mwisho imenipeleka katikati ya barabara kuu. Ya kabla yake imenipeleka juu ya paa la kanisa.

— Ulipanda?

— Orville, nina miaka sabini na minane.

— Nauliza tu. Kobe yule ni mtu wa kuweka kitu juu ya paa.

Gaston alikuwa amenyamaza muda mrefu kuliko kawaida yake, na sisi sote tulijua maana yake.

— Mnahangaika bure, alisema. Namba ni sahihi. Kilichoharibika ni mbingu.

— Haya, tumeanza, Orville alisema.

— Sikiliza, mzee. Huko kusini jeshi lina uwanja wa majaribio, ndiyo au siyo? Wanarusha vitu vyao. Sasa unadhani wanataka mimi na wewe tujue vinaangukia wapi? Wanasukuma satelaiti kidogo. Hatua arobaini hivi. Siku za kazi tu. Jumapili zinarudi.

— Mara ya pili nilikwenda Jumapili, Bi LaVonne alisema.

— Basi walikuwa na kazi za ziada.

— Na kama simu yangu inakosea hatua arobaini, mbona kila asubuhi inanileta kwenye kahawa ya Orville? Ingenipeleka kwako, na kwako hakuna kahawa.

Orville alicheka mpaka akamwaga kahawa. Gaston hakukasirika. Aliingiza mkono mfukoni akatoa kitu kilichofungwa kwenye karatasi, akakifungua polepole juu ya goti. Kilikuwa kipande cha kaktasi, kikavu, chenye miiba.

— Haya, hiki nimekiokota pale pale, kwenye namba zenyewe. Karani, andika.

Sikuandika. Nilimuuliza ni nini.

— Malipo. Mnamjua panya wa huku, yule anayebeba vitu vinavyong'aa kupeleka shimoni kwake? Akichukua kitu, anaacha kitu. Ndiyo sheria ya mchezo wetu, au siyo? Ukichukua, acha. Kachukua kopo, kaacha kaktasi. Panya ana adabu kuliko nusu ya kambi hii.

— Makopo ya Kobe ni ya chuma, Orville alisema. Makubwa kuliko kiatu chako. Panya gani huyo, wewe Mkanada?

— Sikusema panya mmoja.

— Wangapi?

— Wanne, kila pembe mmoja.

— Kama wabeba jeneza.

— Cheka. Nenda kafukue shimo ndio ucheke.

Bi LaVonne alikichukua kile kipande cha kaktasi kwa ncha za vidole, akakitazama karibu sana na jicho lake la kulia, ambalo ndilo bado zuri, akakirudisha.

— Hiki kimeanguka kutoka kwenye mti wake, Gaston. Mti wenyewe uko hapo hapo. Nimeukalia kwa bahati mbaya.

— Mimi nadhani yuko kule juu, Orville alisema, akiashiria kilima kwa kikombe. Kobe. Ana darubini na maharage ya kopo, na anatutazama. Mmesahau mwaka juzi? Alificha kopo ndani ya mavi ya ng'ombe ya plastiki. Tuliyakwepa wiki nzima. Siku ya nane ndipo Karani akauliza ng'ombe gani anaishi huku.

Akakipungia mkono kilima. Nakiri kwamba nilikitazama na mimi.

— Kobe hayuko kilimani, Gaston alisema. Mwataka niwaambie? Kobe hayupo kabisa.

— Hayupo vipi? Amekula maharage yangu majira tisa ya baridi.

— Yule aliyekula ni mtu wa makao makuu ya mchezo. Wanawatuma kambini kutupima. Nani atachoka, nani atadanganya kwamba ameona. Kopo halipo, hajaliweka, na matokeo yanaandikwa mahali. Sasa mtu kama huyo utamjua kwa nini? Kwa kuwa hajibu. Mimi nimemwandikia mara kumi na moja.

— Ukamwambia nini? Bi LaVonne aliuliza.

Gaston akatoa simu, akakohoa, akasoma kama mtu anayesoma risala:

— "Ndugu Kobe. Hii ni wiki ya sita. Mwenye kopo akilalamikiwa anatakiwa kwenda kulikagua, nawe unalijua hilo kuliko sisi. Kama umechoka na mchezo, sema. Ukimya wako ni uzembe." Nimemwita mzembe, lakini kwa heshima. Na jana nimemwandikia mhakiki, yule anayeidhinisha makopo ya eneo hili. Nimeomba lifutwe. Kasema Kobe asipojibu mpaka leo saa sita mchana, linatoka kwenye orodha.

Bi LaVonne aliweka kikombe chake kwenye mkono wa kiti. Hakupandisha sauti. Wanafunzi wake wa zamani watakuwa wanaijua sauti ile.

— Uliomba lifutwe.

— Kwa faida yako, mama. Usiendelee kuteseka juani.

— Gaston, kesho saa nane mchana naondoka hapa nikiwa abiria. Sitarudi. Kopo likifutwa saa sita, nitakuwa nimemaliza na elfu nne mia tisa tisini na tisa. Nimefundisha hesabu miaka thelathini na mmoja. Unajua namba hiyo itanifanyaje usiku?

— Ni namba nzuri tu.

— Ni namba ya mtu aliyekatizwa.

Orville alitikisa birika kusikia kama kuna kilichobaki.

Ndipo gari la kaunti lilipoegesha. Akashuka mama wa makamo, koti la kahawia, mfuko wa karatasi mkononi. Alijitambulisha kuwa ni Inez Carranza wa ofisi ya kaunti. Orville alimpa kikombe na kumsogezea kiti, kama anavyofanya kwa yeyote, hata wauza bima.

— Natafuta watu wanaomfahamu Bwana Leland Voss, alisema.

Tulitazamana.

— Hayuko hapa, Orville alisema. Wala hajawahi kuwepo. Mimi ndiye wa zamani kuliko wote kambini.

— Kaunti ikimtafuta mtu kwa majina mawili kamili, Gaston alisema, huyo ana wake wawili. Nimeona kwetu. Mmoja kaskazini, mmoja huku kwenye joto.

— Hajafanya kosa lolote, Bi Carranza alisema. Aliandika hapa kuwa anwani yake. Nasoma: "Benchi la Reli, Korongo la Hollister." Reli ni nani?

Orville alinyoosha mkono polepole.

— Mtu mrefu, kofia ya kijani, anatembea taratibu, Bi Carranza aliendelea. Gari-nyumba dogo jeupe, mlangoni kuna mchoro wa kobe.

— Kumbe Kobe, tulisema, karibu kwa pamoja.

— Mlimjua muda gani?

— Majira tisa, Orville alisema.

— Na hamkujua jina lake.

— Tulilijua. Kobe.

Bi Carranza alinitazama mimi, labda kwa kuwa nilikuwa na kalamu mfukoni. Nilitazama chini. Ninawasahihisha watu wanaokosea majina ya marais wa zamani na ya vituo vya reli. La jirani yangu sikuwahi kumuuliza.

— Ana ndugu? Bi Carranza aliuliza.

Lilikuwa swali jepesi. Orville alisema Kobe hapendi vitunguu. Gaston alisema anajaza matairi ya nyuma upepo kupita kiasi na alikwisha kumwonya. Bi LaVonne alisema alikuwa na kawaida ya kuimba akiosha vyombo, ila si kwa sauti. Mimi nilisema anachonga penseli kwa kisu. Bi Carranza aliandika yote hayo, kisha akayatazama alivyoyaandika, akaweka kalamu chini.

— Sawa. Labda hiki mtakijua, alisema, akafungua mfuko. Kilikuwa kwenye kiti cha mbele cha gari la Bwana Voss, kimefungwa mkanda kama mtoto. Kimeandikwa jina la korongo lenu. Ofisini hakuna aliyeelewa ni nini.

Akatoa kopo la chuma la kijani, la aina ile jeshi huwekea risasi. Juu yake palikuwa na namba za mahali, kwa wino mweusi, zile zile tulizozishika kichwani wiki sita. Tisa yake ilikuwa tisa safi kabisa.

Kopo likapokelewa na Bi LaVonne. Alifungua kifuniko. Ndani mlikuwa na penseli mpya, vikorokoro viwili vitatu vya kubadilishana, na kijidaftari kitupu.

— Hakuliweka, alisema. Siku zote aliomba kwanza, akangoja mhakiki akubali na kulitangaza, ndipo akatembea nalo. Safari hii limetangazwa hajaliweka. Tumechimba jangwa tupu.

— Nilisema, Gaston alisema. Mtakumbuka nilisema hajaliweka.

— Ulisema panya wanne, Orville alimwambia. Andika jina lako, LaVonne. Kopo hilo, penseli hiyo. Elfu tano. Nani atajua?

— Mimi nitajua.

— Na haihesabiki, Gaston alisema. Samahani, mama, lakini umeletewa kwenye kiti. Kuletewa si kuona. Kopo sharti liwe mahali pake.

— We Mkanada, ungeweza kunyamaza mara moja tu maishani.

— Yuko sahihi, Bi LaVonne alisema. Mwache.

Akafunga kifuniko, akabaki amelishika mapajani kwa mikono miwili. Gaston alimtazama, akatazama saa, akavua kofia. Nilishangaa, kwa sababu Gaston havui kofia hata wakati wa kula.

— Lakini sheria haisemi mwenye kopo alibebe kwa miguu yake, alisema. Inasema aruhusu. Sasa ni saa tatu na nusu. Karani ana miguu mizuri. Atembee nalo mpaka kwenye namba, aliweke, asituambie chini ya jiwe gani. Bibi Dira aende akalitafute. Mimi namwandikia mhakiki sasa hivi kwamba nilikosea. Kinachotakiwa ni neno moja kutoka kwa Kobe. Akisema ruksa, basi. Na nitamwomba radhi kwa zile jumbe kumi na moja. Kumi na mbili, jana usiku niliongeza moja.

Nikasimama. Orville alikwisha kunijazia maji kwenye chupa. Bi LaVonne alimgeukia Bi Carranza, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile alikuwa anatabasamu.

— Binti yangu, wewe ndiye unayejua aliko. Mpigie, dakika moja tu. Mwambie Bibi Dira anaomba ruhusa yake.

Bi Carranza aliweka kikombe chini. Alisema Leland Voss alifariki tarehe nane Januari katika hospitali moja ya Yuma, kwa ugonjwa wa moyo, akiwa na miaka sabini na saba.