Mlango Ulionyooshwa kwa Kijiko

Benchi lenyewe ni ubao wa kitanda uliolazwa juu ya matofali, umeegemezwa ukuta wa kinyozi, pale barabara iendayo kiwandani inapokata kona. Zamani barabara hiyo ilikuwa vumbi tupu, na waliopita ni mbuzi na watu wenye shida zao. Kisha kikaja kiwanda cha milango ya ndege. Likajengwa jengo moja, likafuata la pili, sasa la tatu linaezekwa, na kila asubuhi ovaroli za buluu zilikuwa zikipita hapo kwa makundi kama wanafunzi. Vyumba vya kupanga vikapanda bei, kinyozi akanunua kiti kinachozunguka, na Mungu akashukuriwa kwa sauti. Lakini juma hili barabara imenyamaza. Geti limefungwa, wafanyakazi wamerudishwa majumbani wakaambiwa wangoje, na benchi, lililokuwa limeanza kusahaulika, limejaa tena.

Gumba alikaa pembeni kabisa, kikombe mkononi, hanywi. Jina hilo alipewa na mtaa enzi zile anatengeneza bodi za magari kando ya barabara. Kazi yake alikuwa akiimalizia kwa kidole gumba, anapapasa, anasukuma, mpaka gari lililogongwa lionekane limetoka dukani. Kidole hicho ndicho kilichompatia kazi kiwandani, mvi zikiwa zimeshaota. Na ndicho, alivyojua yeye na Mola wake, kilichofunga geti.

— Mimi nawaambieni, ni wizi, alisema Redio, kinyozi mwenye ukuta, ambaye habari humfikia hata zisizotokea. Kuna mtu kapita na mlango getini.

— Kapita nao vipi? Kauficha kwenye soksi? Huyo ni Wakili, mlinzi mstaafu wa stendi, ambaye hajawahi kukubali jambo bila ubishi.

— Kidogo kidogo, bwana. Leo komeo, kesho kioo.

— Wewe hata nyembe zako mwenyewe unaibiwa ukizitazama, utayajua ya kiwanda?

Wakacheka. Mzee Birika, muuza kahawa, akacheka nao kidogo huku akijaza vikombe, lakini kicheko chake kiliishia midomoni.

— Nyinyi hamjiulizi, Wakili aliendelea. Wanatengeneza milango, milango, milango. Ndege yenyewe mmeiona?

— Inaungwa kwingine.

— Nani kakwambia? Mimi nasema ndege ziko chini ya lile jengo la tatu, zimefukiwa! Ndiyo maana malori ya udongo yalikuwa hayaishi kupita hapa.

— Umepatia nusu, alisema Redio, akisogea karibu. Si ndege. Ni safina. Wakubwa wameshajua dunia inakwisha, wanajitengenezea chombo cha kuhamia mwezini. Milango imetimia, sasa wamejifungia wanachagua wa kupanda.

— Na wewe umechaguliwa?

— Mimi lazima! Kwani huko mwezini watu hawataota nywele?

— Haya, Gumba, Wakili akamgeukia, wewe uko ndani humo. Tuambie.

— Sijui, ndugu zangu.

— Hajui! Redio akadakia. Mtu mwenye kidole kile! Mnalikumbuka gari la daktari, lilivyokunjwa na lori? Bwana huyu alilinyoosha mpaka mwenyewe alipokuja kulichukua akalipita, akidhani ni la mtu mwingine!

Siku nyingine sifa hiyo ingemshibisha Gumba kuliko chakula. Leo aliimeza kama dawa.

Ilikuwa hivi. Mashine ya kugongea ribiti, vile vijimisumari vya kuunganishia bati, ilimteleza, na bati la mlango likabonyea, kibonyeo cha ukubwa wa kucha ya mtoto. Siku ya kwanza kazini walifundishwa: ukigonga kitu, hata kama alama haionekani, bandika utepe mwekundu umwite msimamizi. Hutafokewa. Bati litakatwa, litaletwa jingine. Kwa mtu aliyelea wanawe wote kwa sababu hakutupa bati, ilikuwa kama kuambiwa amzike mgonjwa wa mafua. Wenzake walipokwenda kula, alitoa kijiko mfukoni, akasukuma kwa nyuma, akamalizia kwa gumba. Bati likarudi kama lilivyozaliwa. Akaja mkaguzi na tochi yake, akalimulika kwa ubavu, akapitisha kiganja, akapiga muhuri. Na Gumba, Mungu amsamehe, na atusamehe sote tunaopenda kusifiwa hata kwa makosa yetu, alitabasamu. Jicho lililosomeshwa halikuona kitu.

Hakujua kuwa jengo la pili limeletewa mashine inayoona ndani ya bati, kama ile ya hospitali inavyoona mfupa, na hiyo ndiyo iliyoukamata mlango wake. Wala hakujua kuwa bati hilo, likibonyezwa kisha likanyooshwa, huwa limechoka ndani kwa ndani, na huko juu penye baridi na kishindo uchovu huo hugeuka ufa. Hayo aliyasikia juzi, walipokusanywa wote uwanjani na msimamizi akauliza ni nani. Watu walinyamaza. Naye akanyamaza katikati yao, akiangalia viatu vyake, na geti likafungwa mpaka milango yote ipimwe upya. Tangu hapo akipiga magoti kusali hafiki mbali. Anaishia pale pale penye kuomba msamaha, maana anajua wa kuombwa kwanza ni nani.

Mkaguzi yule alikuwa binti wa Mzee Birika.

— Binti hajambo, mzee? Wakili aliuliza. Simwoni siku hizi.

— Yupo ndani. Tangu juzi haongei, anaosha macho tu. Asubuhi maji, mchana maji. Nikimuuliza, anasema yanawasha. Mzee aliliweka birika juu ya mkaa, akalitazama. Yeye ndiye aliyeniambia, baba, mwisho wa mwezi huu uliweke chini hilo, umesimama vya kutosha. Sasa hata hilo halisemi.

Gumba alifungua mdomo aseme. Kikatoka kikohozi.

— Kunywa, ndugu yangu, alisema Mzee Birika. Inapoa.

Kabla hajanywa, binti mwenyewe akatokea kwenye kichochoro, bila ovaroli, kanga begani, kope zimevimba.

— Shikamooni.

— Marahaba, mwanangu, Wakili akaitikia. Safari ya wapi?

— Hospitali, baba mdogo. Napima macho.

— Si ulisema yanawasha tu? baba yake akashtuka.

— Hayawashi, baba. Wameniambia nisirudi. Kuna mlango umekutwa na kasoro, na muhuri ni wangu. Nilimulika, nikapapasa, sikuona kitu. Sasa mkaguzi asiyeona, ni wa nini?

Mzee Birika alitafuta pa kukaa. Redio akainuka kumpisha kwenye benchi.

Binti alipiga hatua za kuondoka, akarudi.

— Ila nyinyi mnaujua mtaa huu. Hebu niambieni. Nani hapa anaweza kunyoosha bati mpaka hata tochi isione?

Swali jepesi kabisa. Mtoto yeyote wa barabara hiyo angelijibu huku anakimbia. Redio alipuliza kikombe kisicho na kitu. Wakili alitafuta ubishi, akaukosa. Macho ya Mzee Birika yalikwenda polepole kwenye mkono ulioshika kikombe pale pembeni, yakatua. Gumba alikunja kidole ndani ya ngumi kama mtoto afichaye kitu, kahawa ikammwagikia magotini, wala hakujipangusa.

— Macho yako ni mazima, mwanangu, alisema.

Hakuna aliyemuuliza anajuaje.

Binti alisimama akimtazama. Kisha alijifuta uso kwa ncha ya kanga, taratibu, kama mtu aliyefika mwisho wa kazi ndefu.

— Ahsante, baba mdogo.

— Twende getini sasa hivi. Nitasema mbele yako. Nitawaonyesha na kijiko.

— Nenda wewe. Mimi huko sina pa kurudi; siku ile tulipokuwa uwanjani ndipo ungesema. Nilichokuwa natafuta ni macho yangu tu.

Akageuka, akaingia tena kichochoroni alikotoka. Hospitali hakuwa na haja nayo.

Gumba aliinuka. Alimtazama rafiki yake aliyemmiminia kahawa miaka yote hiyo, wa furaha na wa misiba, akanyoosha kikombe kwa mikono miwili, si kwa kiu, ila mtu anayeelekea pagumu hutaka kupewa kitu na mtu.

— Niongezee kidogo, kaka. Niende.

Mzee Birika alilichukua birika kutoka kwenye mkaa, akalikumbatia kifuani na moto wake.

— Kahawa imekwisha, alisema.

Na wote pale walisikia kahawa ikicheza ndani.