Historia ya Mama Tuone, Mwalimu Aliyenyang'anywa Fizikia

Ndugu waombolezaji, aliyelala mbele yenu ni dada yetu, mke, mama na mwalimu, ambaye wanafunzi walimwita Mama Tuone, kwa sababu kila alipoulizwa swali hakutoa jibu, alisema tu tuone, kisha akaanza kutafuta sufuria.

Alizaliwa tarehe 3 Machi 1966, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha matofali, mtoto wa pili wa fundi wa tanuri na mshonaji, akasoma shule ya msingi iliyopakana na kiwanda hicho, kisha sekondari ya wasichana, akahitimu chuo cha ualimu mwaka 1989 na kupangiwa shule ile ya mlimani. Alifunga ndoa Desemba 1992 na dereva wa malori, mtu mpole mnayemwona hapa amejiinamia, wakajaliwa watoto watatu.

Miaka ya mwanzo alifundisha kama sote tulivyofundishwa, yeye na chaki, watoto wakinakili, hadi siku moja mwaka 2003 alipobandika maji jikoni mbele ya darasa, akawaambia wasome kipimajoto yakichemka, nao wakaandika mia moja bila hata kukitupia jicho, isipokuwa binti mmoja aliyeandika tisini na tano, na marehemu akampa kosa. Jioni alijaribu mwenyewe, akadhani kipimajoto ni kibovu, akaazima kingine shule ya jirani, nacho kikasema vilevile, ndipo alipong'amua kwamba kule juu mlimani hewa haigandamizi sana kama bondeni na maji huwahi kuchemka kabla ya kufika mia, kesho yake akamwomba radhi binti yule darasa zima likisikia. Tangu hapo watoto wake walipima kwanza, kitabu kikafuata.

Mwaka 2019 wageni wa shule waliuliza maji huchemka kwa nyuzi ngapi, darasa likajibu hapa kwetu tisini na tano, wageni wakacheka, na mkuu wa shule, bila hata kuwasha jiko, akamwambia marehemu mbele ya walimu wote kwamba anapotosha watoto wa watu, akamnyang'anya fizikia na kumpa usimamizi wa vyoo. Juzi tuliombwa sehemu hii tuiruke. Hatuiruki, imetukaa kooni.

Aliugua figo mwaka 2021, akafariki tarehe 14 Julai 2022, katika wodi ya wanawake, na hadi siku za mwisho alikuwa akiuliza kama mkuu amekwisha kupima.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia, majirani waliopika na kufagia, na walimu wenzake, wakiwemo wale waliokiona kipimajoto kwa macho yao wakanyamaza, kuja kwao pia ni jambo.

Mkuu wa shule ameketi mstari wa mbele na hotuba ya sifa mfukoni. Sifa abaki nazo, familia inataka atamke, walimu walewale wakimsikia, kwamba mwalimu huyu hakukosea. Neno la kumtakia dada yetu usingizi mwema tunalo, ila hatulisemi bado. Simama, mheshimiwa, tunakusubiri.